Jinsi ya kuchapa picha ya mkulima akiwa kazini kama walivyofanya Wafaransa, ukiwa na boksi la maziwa na kijiko

Ukitaka kuchora mkulima usianze na uso, wala usianze na jembe, anza na mgongo. Hilo nimelipata kwenye picha za kuchapa za Wafaransa wa miaka ya 1850, nikaja kulijaribu mwenyewe huku Dar, bondeni kwenye bustani za mchicha, na mpaka leo sijaona njia nyingine inayonipa mtu anayefanya kazi kweli kweli badala ya mtu aliyesimama kashika jembe kama anapigwa picha ya kitambulisho. Kwa hiyo humu ntaeleza vitu viwili kwa pamoja maana mi naona havitengani: jinsi ya kuziangalia zile picha zao, na jinsi ya kutengeneza ya kwako ukiwa na bikari ya shule, boksi la maziwa na kijiko. Presi, yani mashine ya kuchapia, huna, asidi huna, haina shida kabisa.

Kwanza kaa na picha moja

Hamna haja ya kupanda ndege. Maktaba ya taifa ya Ufaransa imeweka picha zake bure mtandaoni kwenye tovuti inaitwa Gallica, na makumbusho ya Metropolitan ya New York nayo tangu 2017 inaruhusu mtu yeyote kupakua picha za kazi za zamani ambazo hakimiliki yake imeshaisha, bila kulipa na bila kuomba. Andika jina Millet, mchoraji wa Kifaransa ntakayemwelezea hapa chini, afu Les Bêcheurs, yani watu wanaochimbua shamba, au Les Glaneuses, hao ni wanawake wanaookota masazo ya masuke baada ya mavuno, kazi ile ile ya Ruthu kwenye shamba la Boazi. Pakua ile saizi kubwa kabisa, usiridhike na ile ndogo ya kwanza inayokuja. Faili linakula bando kweli kwa hiyo nenda mahali penye waifai, ila inalipa, maana bila kuona mikwaruzo yenyewe ya sindano hujaona kitu.

Jean-François Millet alizaliwa 1814 kijiji cha Gruchy huko Normandy, mtoto wa wakulima, na yeye mwenyewe alishika kazi za shamba kabla hajaenda kusomea uchoraji. Mwaka 1849 Paris kulikuwa na kipindupindu na mambo ya siasa hayajatulia, akahama na familia yake pamoja na rafiki yake Charles Jacque, ambaye naye alikuwa fundi mzuri sana wa kuchapa picha, hasa za kondoo na kuku, wakaenda kukaa Barbizon, kijiji pembeni ya msitu wa Fontainebleau. Ni huko Barbizon alikofanya echingi zake, yani picha zilizochapwa kwa bamba la shaba lililoliwa na asidi, zinazojulikana zaidi, nyingi kati ya 1855 na 1856: mtu anasukuma toroli, mama anasukasuka maziwa kupata siagi, mwanamke anachambua sufu, wale wachimbaji wawili, wale waokotaji. Maisha yake yote alifanya echingi kama ishirini na kidogo hivi, sio nyingi, na kila moja unaona kabisa kwamba ameifikiria.

Sasa ifungue ile ya wachimbaji ijae kioo chote. Watu wawili, wana koleo bapa, wanageuza ardhi. Mmoja ameweka mguu juu ya koleo analisukuma chini kwa uzito wa mwili, mwingine ameshainama, anashughulika na bonge. Nyuso zimeangalia chini, hujui wana miaka mingapi, hujui wanaitwa nani, na bado unajua kabisa wamechoka kiasi gani, tena unajua huyu wa pili akimaliza atakaa kama huyu wa kwanza na huyu wa kwanza atakaa kama yule, siku nzima wanabadilishana hivo. Yani kazi yote ya siku imewekwa kwenye migongo miwili.

Zoezi la kwanza ni hili, na usiliruke: chukua penseli, chora mstari mmoja tu kuanzia kisigino upite kwenye kiuno mpaka kisogoni kwa yule aliyeinama. Mstari mmoja, usiweke nguo, usiweke kichwa. Rudia mara kumi. Afu mfanye hivo hivo na mwenzake. Ukishapata mstari ambao ukiuangalia peke yake unahisi kitu kizito kinavuta chini, hapo endelea.

Kwenye ile ya waokotaji angalia kitu kingine, mstari wa upeo, pale ardhi inapokutana na mbingu. Echingi ilitangulia ule mchoro mkubwa wa rangi za mafuta alioonyesha Paris 1857, ambao sasa uko makumbusho ya Orsay. Kwenye ule mchoro mkubwa wale wanawake wawili walioinama vichwa vyao viko chini ya upeo, wamezama ndani ya shamba, na yule wa tatu aliyeinuka nusu ndo kichwa chake kinagusa kidogo tu pale juu. Mbali kule nyuma kuna matita makubwa ya ngano, kuna gari limejazwa, kuna msimamizi kapanda farasi, vyote vidogo vidogo kama punje. Mavuno yapo, tena mengi, ila hawa walio mbele yako wanaookota moja moja sio wenye mavuno. Wakubwa wa Paris waliikasirikia picha hii na mi naelewa kwa nini, maana huwezi kuiangalia ukajifanya hujaona. Kwa hiyo ukipanga picha yako jiulize mapema, upeo uuweke juu au chini. Ukiuweka juu karibu na ukingo wa karatasi, mtu anabaki ndani ya udongo wake, ukiuweka chini anageuka sanamu la shujaa limesimama mbele ya mbingu. Mi napenda juu.

Kunakili sio dhambi

Watu wengi wananiuliza si nitakuwa naiga tu? Iga. Mwaka 1853 jarida moja la Paris, L'Illustration, lilitoa picha kumi za Millet za kazi za shamba, alizichora yeye na Adrien Lavieille akazichonga kwenye mbao. Kila picha mtu mmoja kazi moja: anayevuna, anayepura, anayefunga miganda, anayekata manyoya ya kondoo, anayesokota uzi. Picha za namna hii zilichongwa kwenye kichwa cha mbao, pale unapoona pete za mti na sio ubavuni, mbao ngumu yenye chembe za kubana sana, ndo maana mistari inakuwa myembamba na bado haivunjiki ikichapwa maelfu ya mara pamoja na herufi za gazeti. Waulize wachonga vinyago pale Mwenge tofauti ya kuchonga mpingo na kuchonga mti laini, watakuelewa mara moja.

Basi Vincent van Gogh, ambaye ni Mholanzi, alipoanza kujifunza kuchora 1880 aliwanakili wale wachimbaji wa Millet. Na 1889 akiwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, hana watu wa kumkalia awachore, akachukua zile picha kumi za mbao, nyeusi na nyeupe, akaanza kuzigeuza moja moja kuwa michoro ya rangi. Miaka tisa imepita na bado anarudi kwa mwalimu yule yule. Kama yeye alinakili na we nakili, fanya tatu nne za Lavieille kwanza maana ni rahisi kuliko echingi, mwili mmoja, nyuma hamna mambo mengi.

Kabla ya Millet wakulima walikuwepo kwenye picha za kuchapa za Ufaransa ila kwa namna nyingine. Kuna kalenda za wachungaji zilizochapwa Paris miaka ya 1490, kila mwezi na kazi yake. Kuna Jacques Callot wa Nancy, ambaye 1633 alitoa mfululizo wa picha 18 kuhusu maafa ya vita, askari wanapora mashamba, na moja karibu na mwisho wakulima wanawavizia askari na kulipiza. Watu wadogo sana kama siafu, ukizikuza unashangaa mkono wake. Zitazame, ila kwa kujifunza mgongo rudi kwa Millet.

Nenda shambani na usalimie

Baada ya kunakili toka nje. Dar watu wanasema hamna mashamba, sio kweli, bustani za mboga zipo mabondeni, Msimbazi huko na kwingine, matuta ya mchicha na matembele katikati ya mji, na ukienda Kigamboni au Bunju utakuta watu wanalima kabisa. Nenda mapema saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa bado liko pembeni vivuli vinakuonyesha mgongo vizuri, ikifika saa nne jua limeshapanda juu na kila kitu kimekuwa bapa.

Usitoe simu ukaanza kupiga picha watu. Mi siku ya kwanza nilimkuta mama mmoja analima tuta, nikasimama pembeni mpaka akanyanyuka kupumzika ndo nikasema "Shikamoo mama." Akajibu "Marahaba mwanangu, mchicha wa shilingi ngapi?" Nikamwambia mama leo sinunui, naomba nikae hapa nikuchore unavyolima kama hutojali. Akanitazama, akasema kaa ila usikanyage tuta.

Nikachora kama saa nzima nikijiona nimepata, nimemuinamisha vile vile kama wale wa Millet. Alipokuja kuchungulia akatikisa kichwa. "Huyu ataanguka," akasema. "Ukiinama hivi hufiki saa nne, kiuno kimekwisha." Akachukua jembe akanionyesha: mguu mmoja nyuma, goti limelegea, jembe likipanda uzito uko mguu wa nyuma, likishuka uzito unahamia mbele, na mgongo haupindi katikati kama upinde, unakunjika kwenye nyonga ukabaki umenyooka. Akarudia mara tatu polepole ili nione. Sijawahi kupata somo la kuchora zuri kama lile.

Na hapo ndo nikaelewa nilipokosea. Wale wachimbaji wa Ufaransa wana koleo lenye mpini mrefu, linasukumwa chini kwa mguu, kwa hiyo mwili unakuwa juu ya kifaa. Jembe letu linarushwa, linapanda na kushuka, mpini mfupi, mwili unalifuata. Kifaa tofauti mgongo tofauti. Wahenga wanasema mchagua jembe si mkulima, sawa, ila mchoraji lazima alijue jembe lilivyo, urefu wa mpini, mkono upi uko mbele, la sivyo utamvalisha mama wa Msimbazi mwili wa mwanaume wa Barbizon. Chukua kwa Millet namna ya kuangalia, mwili uchukue kwa uliyemkuta shambani.

Chora michoro midogo mingi, dakika mbili mbili, kazi inajirudia kwa hiyo ukikosa subiri, baada ya sekunde chache mkao unarudi ule ule. Andika pembeni vitu vidogo: kanga imefungwa wapi, kandambili zimevuliwa zimewekwa mwisho wa tuta, keni ya kumwagilia iko wapi. Na ukiondoka nunua mchicha.

Wao walifanyaje, na kwa nini we usifanye hivo

Echingi ya kweli iko hivi. Unachukua bamba la shaba, unalipaka tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na lami na utomvu, unalifukiza na moshi wa mshumaa liwe jeusi, afu unachora na sindano unaondoa nta tu, shaba inang'aa pale ulipopita. Unaliingiza kwenye asidi, asidi inakula pale palipo wazi, ikikaa muda mfupi mstari unakuwa mwembamba wa kijivu, ikikaa muda mrefu unakuwa wa kina na mweusi. Unafuta nta, unajaza wino kwenye mistari, unapangusa juu, unaweka karatasi yenye unyevu, unapitisha kwenye presi ya magurudumu mawili yanayobana. Callot alitumia vanishi ngumu ya mafundi wa vinanda badala ya nta, ndo maana mistari yake ni mikali vile, na Abraham Bosse, fundi mwingine wa kuchapa, aliyatoa maelekezo ya kazi hii yote kwenye kitabu 1645, hatua kwa hatua.

Usijaribu asidi chumbani. Nyumba zetu za kupanga hazina hewa ya kutosha na watoto wanapita pita, moshi wa asidi ya naitriki unaharibu mapafu. Na kama umefikiria asidi ya betri, hiyo kwenye shaba haifanyi kazi ya maana, utaumia bure. Tutatumia njia ya kukwaruza moja kwa moja, draipointi, ambayo hata Pissarro, mchoraji mwingine wa huko Ufaransa, aliitumia, ila badala ya shaba tunatumia boksi la maziwa.

Bamba

Chukua boksi la maziwa au juisi la lita moja, lile ambalo ndani lina ngozi ya kung'aa kama foili. Kata, fungua, osha na sabuni vizuri mafuta yote yatoke, kausha, lilaze chini ya vitabu usiku mzima linyooke. Upande wa kung'aa ndo bamba lako. Kata kipande ambacho hakijapitiwa na mkunjo maana mkunjo utachapika kama mstari, utapata kama sentimita 9 kwa 15. Ni ndogo, ndio. Ile ya wachimbaji ya Millet ni kubwa zaidi, kama sentimita 24 kwa 34, ila kwa kujifunzia hii inatosha.

Kumbuka picha itatoka imegeuka, kushoto kuwa kulia. Mara ya kwanza nilisahau, yule mama anayeshika jembe kwa mkono wa kulia akatoka wa kushoto, na yeye ndo aliyeona kwanza. Weka mchoro wako kwenye kioo cha dirisha mchana, ugeuze nyuma mbele, ufuatishe mistari upande wa pili, afu uuhamishie kwenye boksi kwa kabonpepa au kwa kukandamiza kalamu tu, foili inashika alama.

Sasa kwaruza. Ncha ya bikari inatosha kabisa, au shazia iliyochomekwa kwenye kipande cha mti. Ishike kama kalamu, kandamiza mpaka usikie inakata foili lakini isitoboe upande wa pili. Anza na ule mstari wa kisigino mpaka kisogo. Mwingine wowote unaufuata huo. Mistari ya mgongoni ifuate mkunjo wa nguo, mistari ya udongo iwe mifupi na iende upande mmoja, mistari ya mbingu acha kabisa, karatasi nyeupe ndo mbingu. Pale unapotaka kivuli pitisha mistari mingine juu ya ile ya kwanza kwa kukatisha. Angalia tena Millet alivyofanya, hajaweka kivuli kila mahali, amekilimbikiza chini ya tumbo la aliyeinama, kwenye mikunjo ya nguo, chini ya kofia, kwingine ameacha kukawa na mwanga.

Sasa udongo, na hapa boksi linaishinda shaba. Kata kidogo na wembe kuzunguka eneo unalotaka liwe jeusi, chimbua kona na kucha, vuta ile ngozi ya foili itoke, chini yake kuna karatasi yenye nyuzi nyuzi, na hiyo inakunywa wino na kutoa weusi mzito kama tope. Ukiona imezidi pakaa rangi ya kucha ile isiyo na rangi, safu moja inapunguza weusi, safu mbili inakuwa kijivu. Camille Pissarro naye alihangaika sana na kijivu, alikwangua mabamba yake kwa njia nyingi ili apate hewa ya ukungu juu ya mashamba ya Pontoise na Éragny, na 1894 alinunua presi yake mwenyewe akaiweka nyumbani. Wanawake wake wa sokoni na wa shambani wanapiga stori, wanapumzika, sio kila picha ya kazi lazima mtu awe ameinama.

Wino na karatasi

Wino wa echingi wenyewe madukani haupatikani kirahisi. Kinachofanya kazi ni wino mweusi wa ofseti, waone wachapaji Kariakoo, wengine watakupimia kidogo kwenye kikopo. Ukiwa mwepesi sana ongeza unga wa chaki uliosagwa laini, koroga mpaka ukiinua kijiti wino unaning'inia na hautiririki. Rangi ya mafuta ya tyubu nayo inafaa ila toa mafuta kwanza, iache juu ya gazeti saa moja.

Karatasi ziwe nzito za kuchorea, sio za fotokopi. Loweka kwenye beseni dakika kumi, toa, bana kati ya taulo mbili mpaka isiwe na maji yanayong'aa juu, ila ukiigusa na shavu inahisi baridi. ZIMA FENI. Hili nalisisitiza kwa watu wa Dar maana joto likizidi mkono unaenda kwenye swichi wenyewe, na feni inakausha karatasi ndani ya dakika tatu, na karatasi kavu haiingii kwenye mistari, utapata picha imepauka na utadhani umekosea kukwaruza kumbe karatasi ndo tatizo. Nilitupa mabamba mawili mazima kabla sijajua.

Paka wino na kipande cha kadi, usukume kwenye mistari kwa kila upande. Afu pangusa. Wafaransa wanatumia kitambaa chenye matundu kilichotiwa wanga, mi natumia kipande cha chandarua kikuukuu kilichooshwa, nakikunja kama mpira, nazungusha taratibu bila kukandamiza. Baadae malizia na kipande cha gazeti kilicholazwa bapa chini ya vidole, na mwisho kabisa na ubavu wa kiganja uliopakwa chaki kidogo. Kuna wakati wa kuacha. Auguste Delâtre, mchapaji wa Paris aliyechapa echingi za Millet, alisifika kwa hilo, hakupangusa bamba likawa jeupe, aliacha utando mwembamba wa wino pale alipotaka hewa au kivuli. Jaribu kuacha utando chini kwenye udongo na kupangusa safi mgongoni pale jua linapopiga, utaona mtu anasogea mbele.

Kuchapa

Weka bamba juu ya meza, uso juu. Laza karatasi yenye unyevu. Juu yake weka kipande cha nailoni laini ili karatasi isichanike, afu kijiko cha chuma, mgongo wa kijiko, zungusha viduara vidogo vidogo ukikandamiza kwa nguvu za bega sio za kiganja, dakika tano mpaka saba, pita kila sehemu, usiruke pembe. Inachosha, mkono unauma, ndivyo ilivyo. Inua kona moja uchungulie, ikiwa imepauka irudishe ukandamize tena, mradi karatasi haijasogea. Ule mti wa kusukumia chapati nao unasaidia kwa kupitisha ya kwanza, weka kanga iliyokunjwa juu ya nailoni afu sukuma, ila kijiko ndo kinamaliza. Kama unataka kuonja presi ya kweli nenda Nafasi Art Space pale Mikocheni ukaulize wasanii, kuulizana hakuna gharama.

Picha ya kwanza huwa dhaifu, usikate tamaa, bamba linakuwa bado halijashika wino. Ya pili na ya tatu ndo nzuri. Boksi moja linakupa kama kumi hivi, baada ya hapo kingo za mikwaruzo zinalala na mistari inapauka. Zikaushe kati ya magazeti na kitu kizito juu, badilisha magazeti kila siku, kiangazi siku nne, masika hata wiki na nusu na uangalie ukungu. Bamba na mikono safisha na mafuta ya kupikia kwanza afu sabuni, tapentaini haina haja.

Kama weusi umejaa kila mahali hujapangusa vya kutosha. Kama mistari imetoka na madoa ya maji pembeni karatasi ilikuwa na maji mengi. Kama picha ni safi, mistari ipo, na bado mtu haonekani kufanya kazi, usirudi kwenye wino, rudi kwenye ule mstari wa kwanza wa mgongo.

Andika chini kwa penseli namba ya nakala na jina lako, na moja mpelekee uliyemchora. Mi nilimpelekea yule mama baada ya wiki mbili, nilikuwa na wasiwasi kwamba ataulizia uso, maana uso sikuuweka, umefichwa na kanga. Hakuuliza. Akaishika kwa ncha za vidole asiichafue, akaangalia miguu, akaangalia jembe, akasema "Hapa naam, huyu atafika jioni." Afu akauliza mbona nyuma ya tuta pakavu, keni umeiweka wapi. Kwa hiyo sasa hivi kuna boksi jingine liko chini ya vitabu linanyooka.